Mstari Uliokatwa Kwenye Kibao cha Kireno

Nilikuwa ndio naingia getini, mfuko wa gasketi mkononi, nilipomwona Celestino, kijana wa Msumbiji aliyekuwa analala kwangu, juu ya jukwaa akinyoosha mkono kufungua maji baridi. Tanki lilikuwa limetoka kuoshwa kwa mvuke, bado linatoa jasho, na kile kivalvu cha juu cha kuingiza hewa, kile cha gurudumu jekundu, kilikuwa kimefungwa. Nilipiga kelele kwa Kireno, "Abre o ar! Abre o ar!" Fungua hewa. Lakini grinda zilikuwa zinalia karakana nzima. Alisikia sauti yangu, maneno hakuyasikia. Akageuka, akatabasamu, akaniinulia kidole gumba, na ule mkono mwingine ukamalizia kufungua.

Tanki likaingia ndani. Si kupasuka. Chuma kizima, kitu kirefu kuliko watu wawili mmoja amembeba mwenzake, kilikunjika kama pakiti ya maziwa ambayo mtoto ameifyonza kwa mrija mpaka pande zikashikana. Ule mshindo niliusikia kwa tumbo kabla ya masikio. Miguu ya tanki iling'oka sakafuni, ikabeba jukwaa, bomba la mvuke likakatika, na Celestino akawa chini ya vyote hivyo.

Nilimtoa. Mkono wangu wa kushoto mnauona ulivyo kama ngozi ya maziwa yaliyochemka, na sikio la upande huo si langu tena. Yeye alifika hospitali ya Thika akiwa anaongea, akaniuliza kama ameharibu mashine ya watu. Hakumaliza wiki.

Meneja Kimotho na Injinia Lusweti walikuwa wamesimama mlangoni na wageni. Hawakuguswa hata na tone. Ninawataja majina mapema kwa sababu kampuni ilishabadilisha jina na rangi ya geti, lakini hao wawili bado wanaitwa vile vile.

Sasa nirudi nyuma, kwa sababu nyinyi vijana wa chuo mnaokuja kwangu Kiganjo siku zenu za attachment, mafunzo ya kazini, huwa mnauliza swali lingine kabisa. Mnataka kujua vile mtu aliyeachia shule darasa la saba alikuja kuwa wa kutafsiri Kireno, na tena Kireno cha vakyumu, kile kitu mwalimu wenu anaita ombwe. Mnacheka. Sawa, hata mimi nilikuwa nacheka zamani.

Nilikuwa welda hapa Ruiru, kijana bila mke, na kontrakta mmoja akapata kazi ya kufunga mitambo ya korosho kule Nacala, Msumbiji. Alitaka mafundi ambao hakuna mtu angewalilia nyumbani. Nilienda nikidhani ni ya kurudi kabla ya mvua. Nikakaa miaka.

Mkubwa wa zile mashine za kufunga korosho kwenye mifuko isiyo na hewa alikuwa Abílio. Mtu mfupi, tumbo mbele, miwani imefungwa na uzi wa mkanda wa pampu. Alikuwa anasikiliza pampu kwa bisibisi ndefu, ncha moja kwa chuma, ncha nyingine kwa sikio, macho amefunga kama mtu anaomba. Angekuambia beringi inakufa ukiwa wewe bado unatafuta swichi.

Siku za kwanza nilimfuata na penseli. Nilitaka anitajie majina niandike. Akaninyang'anya penseli akaitia nyuma ya sikio lake, sikuiona tena.

"Weka mkono," aliniambia.

"Wapi?"

"Unapotaka jina lake. Weka mkono, ikae, halafu nitakuambia."

Hivyo ndivyo nilijifunza. Bomba, ambayo kwao ni pampu, niliijua kwa joto la mgongo wake. Vedante, ule mpira wa kuziba mlango, niliujua kwa grisi ya kwenye kucha. Fuga, yaani mahali hewa inapoingilia kwa wizi, nilifundishwa kwa moshi wa sigara ya Abílio: unaupuliza polepole kando ya mlango, na pale unapoona moshi umepinda ukaingia ndani kama nyoka, hapo ndipo unasema fuga. Mpaka leo nikisikia neno hilo napata harufu ya sigara yake mbaya.

Nikamuuliza, na vácuo yenyewe? Nitaweka mkono wapi na hakuna kitu? Alicheka mpaka miwani ikateleza. Akachomoa mpira wa pampu akanifunika nao kiganja. Kikashika.

"Inavuta," nikasema.

"Haivuti. Ndani hakuna mtu wa kukuvuta. Ni hewa yote ya Nacala iko nyuma ya mkono wako inasukuma. Unaielewa?"

Sikuielewa. Akachukua mkebe wa oili mtupu, akatia maji kidogo, akauchemsha mpaka mvuke ukatoka mdomoni, akautoa kwa moto, akafunga kifuniko, akaumwagia maji baridi. Mkebe ukajikunja wenyewe mbele yangu, kra! Niliruka nyuma, na akina mama wa kuchagua korosho wakanicheka siku nzima. Mvuke ukipoa unakuwa tone la maji, Abílio akanieleza, na pale ulipokuwa hapana kitu. Usipoiachia hewa njia ya kuingia, itajitengenezea.

Kumbukeni mkebe huo. Kila injinia ameuona akiwa chuo. Lusweti ameuona, kwa sababu yeye mwenyewe aliwaonyesha vijana wa karakana yetu, na ule mkebe uliokunjika aliuweka dirishani pa ofisi yake akautilia kalamu.

Nilipoanza kuandika vibao vya kubandika kwa mashine, niliandika vile sisi tunavyoandika huku kwetu. Mnajua kuta zetu: usikojoe hapa, usiegeshe, usikanyage, mbwa mkali. Basi mashine yangu ya kwanza ilikuwa imejaa usi, usi, usi, herufi kubwa nyekundu kutoka juu hadi chini. Abílio alizunguka mashine yote akisoma bila kusema. Mwisho akaniuliza, "Mano," yaani ndugu, "mashine yako imekosana na nani?"

"Hii ni ya usalama."

"Imeniambia nisifanye kila kitu. Sasa niambie nifanye nini. Mimi nimesimama hapa, mkono uko hewani. Nifanye nini?"

Hapo ndipo alinifundisha kitu ambacho naona hata nyinyi hamfundishwi. Ukimaliza kuandika maagizo, unamwita mtu asiyejua ile mashine, unamsomea, na yeye anafanya kile tu amesikia. Kama hujasema fungua, hafungui. Kama hujasema ngoja, hangoji. Pale mkono wake unaposimama hewani bila pa kwenda, pana neno limekosekana. Nacala mtu huyo alikuwa mke wake, dona Lurdes, ambaye alikuwa anauza mandazi getini na hakupenda mchezo. "Haya, soma haraka, mafuta yangu yanaungua." Aliwahi kusimama mbele ya mashine akinitolea macho kwa sababu niliandika bonyeza kitufe na vitufe vilikuwa viwili. "Kipi, wewe mtoto wa Kenya? Nichague kwa kura?"

Nilirudi nyumbani mama alipougua, na baada ya kumzika sikuona nguvu za kuondoka tena. Nikaandikwa kazi Ruiru, karakana inayotengeneza mashine za kufunga vyakula na masufuria makubwa ya kuchemshia juisi kwa vakyumu. Juisi ikichemshiwa humo inachemka kabla haijawa moto sana, kwa hivyo haiungui na rangi haipotei. Niliajiriwa kama fita, fundi wa kuunganisha mashine. Kireno nilikuwa nakiweka mfukoni.

Siku moja wakaja wageni kutoka Nampula. Meneja Kimotho akawazungusha akitabasamu, wao wakitabasamu, lugha hakuna. Wakaletewa chai. Mmoja akamwambia mwenzake kwa Kireno kuwa hiyo chai imeoshewa soksi. Mimi nilikuwa chini ya mashine na spana, nikacheka kwa nguvu. Wakainama wote kunichungulia.

"Wewe Mburu, unacheka nini?" Kimotho akauliza.

"Wanasema chai ni tamu, boss."

Wale wageni, walipojua nimewaelewa, walicheka mpaka wakashikana. Kutoka siku hiyo jina langu likawa Mreno. Mreno kuja hapa, Mreno andika hii, Mreno ongea na hao watu kwa simu. Nikawa naandika vibao vyote vya mashine zinazoenda Msumbiji. Mwanzoni nilikuwa na raha, siwadanganyi. Kila nikimaliza, nilikuwa nampigia Abílio simu, naweka sauti kubwa, namsomea, na yeye kule Nacala amesimama jikoni kwake anafanya kwa mikono mitupu. Mama Shiku, mke wangu, alikuwa anasema, "Hawa wawili ni wazimu, mmoja anasoma, mwingine anakamua ng'ombe ambaye hayuko." Lakini hakuna mashine yetu hata moja ilirudi kwa sababu ya maneno.

Halafu zikaja simu za kutafsiri zenyewe. Kijana mmoja wa mauzo, mtoto mzuri tu, sina neno naye, aliamua hanihitaji. Akaipa simu yake karatasi ya mashine ya kufunga korosho, ikamrudishia Kireno kimenyooka, hakuna kosa la herufi. Tatizo ni kwamba kila penye vakyumu iliweka aspirador, ile mashine ya kufagilia zulia. Mteja akapiga simu kutoka Nampula anauliza kwa heshima kabisa kama hiyo mashine inafagia korosho ama inafagia chini ya vitanda. Niliichekea hiyo hadithi mwaka mzima, na simu hizo sizichukii. Siku hizi zimejua zaidi. Ninachowaambia ni kuwa simu haiwezi kuweka mkono. Wewe unao.

Basi ikaja oda ya masufuria ya juisi ya mananasi, matanki hasa, makubwa kuliko yote tuliyowahi kutengeneza, na Abílio akanipigia.

"Mano, kampuni inamtuma Celestino aje kuipokea hiyo mashine. Ni yule wangu."

Nilimjua Celestino akiwa mtoto wa kupanda mabegani. Sasa alikuwa baba wa msichana mdogo, fundi wa mashine za korosho kama baba yake.

"Atalala kwangu," nikamwambia Abílio.

"Najua atalala kwako. Nakuambia umwangalie. Amekuwa mkubwa kwa kimo tu."

Alikaa kwangu Kiganjo. Aliniita tio, yaani mjomba, naye Mama Shiku akaitwa tia, yaani shangazi. Githeri ilimshinda. Alisema ni mahindi yaliyokataa kuiva na maharagwe yaliyokubali. Mama Shiku akamfundisha salamu za Kikuyu, na asubuhi alikuwa akisalimia plot nzima, wapangaji, mama wa kibanda, watu wa boda boda, hata mbwa. "Wĩ mwega?" Akijibiwa anapiga makofi. Watu wa boda walimpenda. "Sasa Mozambique!" "Poa sana, mkubwa!" Hiyo poa sana aliiweka kila mahali, hata akisikitika.

Na alikuwa na tabia ya baba yake. Hakugusa mashine bila kusoma. Alisoma kwa sauti akifuata kwa kidole, akafanya, akarudi kwa mstari unaofuata. Mafundi wetu walimtania, "Huyu anasomea mashine Biblia." Yeye anacheka. Kiingereza hakukijua hata kidogo.

Sasa sikilizeni vizuri.

Maagizo ya kuosha lile sufuria aliyaandika Lusweti kwa Kiingereza, na aliyaandika vizuri. Baada ya kuosha kwa mvuke, funga mvuke na bomba la chini. Fungua valvu ya hewa, ngoja mpaka tanki lipoe. Kisha suuza na maji baridi. Nikayatia kwa Kireno, nikampigia Abílio, nikamsomea yote. Alifika pale pa hewa akasema, "Nimefungua. Nangoja. Nangoja. Bado nangoja, Mburu, chai yangu inapoa kabla ya tanki." Tukacheka. Akasuuza kwa mikono mitupu. Tukamaliza.

Maneno yakaenda kuchongwa kwa kibao cha alumini. Na Kireno, mnaojua mnajua, kinakula nafasi. Pale Kiingereza kinapita na maneno manne, Kireno kinakuja na ukoo mzima. Kimotho akaniita ofisini. Lusweti alikuwa amekaa kando na kikombe.

"Mreno, hii hadithi yote ni ya nini? Kiingereza kimetoshea, yako inamwagika."

"Ndivyo kilivyo, boss. Tukate kibao kikubwa."

"Mashimo yashatobolewa kwa tanki. Unataka tutoboe upya kwa sababu ya hadithi? Punguza."

"Naweza kufanya herufi ndogo."

"Herufi ndogo inaonekana vibaya. Toa mstari mmoja."

"Hakuna wa kutoa."

Akachukua kalamu. "Huu hapa unasema nini?"

"Huo ndio wa kufungua hewa na kungoja tanki lipoe."

Kimotho akamwangalia Lusweti. Mnaona, si kwamba hakujua. Alimuuliza aliyesoma. Na aliyesoma aliangalia kikombe chake akasema, "Hiyo ni ya kuosha, si ya kazi yenyewe. Watafunzwa kwa mdomo."

"Injinia," nikamwambia, "si wewe ndiye uliuandika?"

"Mburu, usiniingize kwa mambo ya vibao."

Kimotho akaukata. Kalamu ya buluu. "Umeona? Sasa imetosha."

Nikasema sawa, basi hayo mafunzo ya mdomo nitampa Celestino mimi mwenyewe. Siku ya majaribio ilikuwa Alhamisi, mimi ndiye nilipangwa kusimama naye. Usiku nyumbani sikumwambia kitu, kwa sababu hivyo sivyo tulifunzwa. Jambo kama hilo unamwonyesha mtu mkono ukiwa kwenye gurudumu. Hata sasa nikijiuliza naona ningefanya hivyo hivyo, maana siku yake ilikuwa inakuja.

Ila Jumanne asubuhi Kimotho akaniita getini. Gasketi zimepungua, ziko dukani Thika, niende mimi kwa sababu wengine wataleta zisizofaa. Nikaenda. Hakuniambia kuwa wakubwa wa wale wateja walikuwa wametua Nairobi mapema na wanataka kuona mashine ikifanya kazi siku hiyo hiyo.

Yaliyotokea nikiwa Thika niliambiwa na Wanjikũ, welda mwenzangu, ambaye alikuwa anachomelea reli hatua chache kutoka pale na haogopi kuyasema. Celestino alichemsha mananasi, ikatoka juisi nzito ya rangi ya dhahabu, wageni wakapiga makofi. Kisha Kimotho akasema waonyeshwe na kuosha. Celestino akasita.

"Tio Mburu iko wapi?" aliuliza. Kiswahili chake kidogo.

"Mburu anakuja," Kimotho akamwambia. "Endelea."

"Mimi nangoja tio kidogo. Poa sana?"

"Wageni hawangoji, rafiki." Na Kimotho akapanda ngazi ya kwanza ya jukwaa, akakigonga kile kibao kwa kidole mbele ya watu wote. "Soma hapa. Yote iko hapa. Hapa, hapa."

Kimotho akashuka akarudi mlangoni kwa wageni, na Celestino akasoma kwa sauti, kidole kikifuata. Akaosha kwa mvuke. Akafunga mvuke, akafunga bomba la chini. Akarudi kwa kibao kuangalia kinachofuata. Wanjikũ anasema alimwona Lusweti akitazama juu kwenye lile gurudumu jekundu, kisha akatazama wageni, kisha akatoa simu mfukoni akajifanya inaita. Ngai! Neno moja tu. Hata angepiga mluzi.

Mengine mnayajua, ndiyo nimeanza nayo.

Ripoti ya kampuni ilisema mwendeshaji hakufuata maagizo. Hayo tu. Na maneno hayo ndiyo yalisafiri na jeneza mpaka Nacala. Kule, kwa watu wa mashine, Celestino mwana wa Abílio akawa yule aliyeenda Kenya akaponda tanki la watu kwa kutojua kusoma. Waajiri wake wakaikubali ripoti hivyo ilivyo. Msichana wake anakua na hiyo.

Na kile kibao? Kabla hata bandeji yangu haijabadilishwa mara nyingi, Wanjikũ alikuja kuniona akaniambia kuna kibao kipya kwenye tanki la pili. Mashimo yale yale. Herufi zimekuwa ndogo kidogo. Mstari wa hewa uko, umetoshea.

Abílio alinipigia nikiwa bado wodini. Sikutarajia alie na hakulia. Alisema polepole kama mtu anayesikiliza pampu.

"Mburu. Mstari wa hewa ulinisomea. Nilifungua. Nilingoja. Tulicheka."

"Ndiyo, mano."

"Kwenye kibao haukuwako. Watu wa kampuni wameniletea picha. Ulienda wapi?"

Nikamwambia. Nikamtajia majina, mmoja mmoja, na kikombe, na kalamu ya buluu.

"Wewe nakuamini," akasema. "Lakini wewe ni wangu. Neno la mtu wangu halinisaidii huku. Nataka aliyekata aseme."

Nilikwenda kwa Kimotho na mkono ukiwa bado umefungwa. Alinipokea vizuri, akaniagizia chai. Akaniambia mambo ya Mungu hayana kuuliza. Nikamwambia Mungu hakushika kalamu. Akasimama, akaniambia nimeumia na ninahitaji kupumzika, na kufikia mwisho wa mwezi nilikuwa nimepumzishwa kabisa. Kwa Lusweti nilikwenda mara nyingi zaidi, kwa sababu nilidhani yeye ana moyo. Alikuwa anapita mlango wa nyuma. Siku niliyomshika njiani aliniambia, "Mburu, nina watoto." Nikamwambia hata Abílio alikuwa na mtoto.

Sasa mimi natengeneza pampu za kukamulia ng'ombe huko Murera. Ni vakyumu ile ile, ndogo, ya adabu. Kazi si mbaya. Lakini lugha imeniacha. Nilidhani lugha ukishaiweka mkononi haitoki, na kumbe inatoka. Juzi nimeshika vedante ya mashine ya mkulima, grisi kwenye kucha, na jina likakataa kuja. Nilikaa chini kwenye majani ya ng'ombe nikalingoja kama mtu anayengoja gari la mwisho, likaja jioni nikiwa nakula, na sikulifurahia. Kuna watu wa kuuza mashine wamenitafuta niwaandikie vibao. Nimekataa wote. Najuta hilo pia, kwa maana najua wataandikiwa na mtu ambaye hamsomei yeyote.

Kwa hivyo nyinyi mtakaoandika, kwa Kireno au kwa Kiswahili au kwa lugha yoyote mtakayopewa, chukueni hii moja kutoka kwangu. Wakikuambia nafasi haitoshi, punguza herufi, panua kibao, andika upande wa pili, andika kwa rangi kwenye tanki lenyewe. Na umwite mtu asimame mbele ya mashine na mikono mitupu, umsomee kile kilichochongwa, si kile ulichoandika. Mimi nilimsomea Abílio karatasi. Kibao hakuna aliyekisomea mtu mpaka Celestino alipokisoma.

Na wewe Kimotho, najua utaisoma hii vijana wakiiandika, maana mtoto wa dada yako yuko darasa moja na hawa. Sasa wewe ni mzee wa kanisa huko Mugutha na watu wanasimama ukiingia. Lusweti naye nimeambiwa anawafundisha wafanyakazi usalama kazini. Siwatakii gereza. Sitaki mnilipe mkono. Nataka kitu kimoja, na hakihitaji wakili: mtamke kwamba Celestino alifuata maagizo. Kwamba aliyafuata yote, neno kwa neno, kama yalivyokuwa mbele yake, na kwamba mstari ambao ungemwokoa mliutoa nyinyi mkijua ni nini. Mseme kwa mdomo wenu, wala si kupitia kampuni, na mmwambie baba yake. Simu ya Abílio iko kwangu, na Kireno nitawatafsiria mimi, kwa mara ya mwisho. Yule mzee anaamka kila asubuhi anauliza swali moja, mstari ulienda wapi, na nyinyi wawili ndio pekee duniani ambao jibu lenu litamtosha. Kimotho, jibu. Lusweti, jibu.